Helikopta ya kwanza ya rimoti: nunua ile utakayoweza kuiangusha



Kila Idd ikikaribia, wazazi huniuliza swali lile lile. Kijana ameona helikopta ya rimoti kwenye simu. Inapaa, inageuka, inalala chali hewani, na tangu siku hiyo hataki kusikia habari ya baiskeli wala viatu. Mzazi ana akiba kidogo, mjomba aliye Dubai au Maskati ameahidi kutia mkono, na kilichobaki ni kuamua: ninunue ipi?

Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana. Nimeingia nyumba kadhaa hapa Mombasa nikaikuta helikopta imelala juu ya kabati, sanduku lake bado jipya. Iliruka siku moja, ikagonga ukuta, panga likavunjika, dukani hakuna panga jingine, ikawa basi. Pesa zimepotea, hilo linauma. Lakini linaloniuma zaidi ni yule kijana. Hubaki akiamini kwamba mambo ya ufundi yeye hayawezi. Na mara nyingi kosa halikuwa lake hata kidogo. Aliletewa chombo ambacho hata mzoefu asingeweza kukiongoza, au aliletewa jahazi siku ambayo bado hajui kupiga kasia.

Kwa hiyo leo nataka nilieleze jambo hili taratibu, ili mwenye kununua anunue akijua. Na nikisema kijana, nakusudia mvulana na msichana.

Jibu langu kwa ufupi ni hili: helikopta ya kwanza iwe ile ambayo ukiiangusha leo jioni, kesho asubuhi unaitengeneza na kuirusha tena. Utaiangusha, hilo usilitilie shaka. Kila aliyejifunza helikopta ameiangusha mara nyingi. Basi chagua kwa kufikiria kuanguka kwanza, kuruka baadaye.

Inavyoruka

Tazama feni la darini. Mota inazungusha mapanga upande mmoja, na mota yenyewe inavutwa kuzunguka upande wa pili. Haizunguki kwa sababu imefungwa kwenye dari. Helikopta ikiwa hewani haina dari ya kuishika. Mapanga yakizunguka kwenda kulia, mwili wote unataka kuzunguka kwenda kushoto. Ndiyo maana mkiani kuna panga dogo lililosimama wima: linasukuma hewa upande, mwili unatulia, na pua inabaki pale ulipoielekeza. Panga hilo likizidisha au likipunguza nguvu kidogo, pua inageuka. Kwa lugha ya mabaharia, ule ndio usukani.

Anayeishika rimoti ana kazi nne: kupandisha na kushusha, kugeuza pua, kupeleka mbele na nyuma, na kupeleka kando. Kila kazi huitwa chaneli. Rimoti kamili ina vijiti viwili, kila kijiti kinafanya kazi mbili. Kwa hivyo vidole gumba viwili vinafanya kazi nne kwa wakati mmoja, na kila kazi inagusa nyingine. Ukipandisha, pua inataka kugeuka. Ukipeleka mbele, inataka kushuka. Ukiachia, haisimami pale pale kama gari. Inaendelea kuteleza hewani kama mashua iliyoshusha tanga.

Kuna na shida ya kioo. Helikopta ikiwa imekupa mkia, kulia kwake ni kulia kwako. Ikigeuka ikakutazama, kulia kwake ni kushoto kwako. Akili inajua, lakini vidole havijui. Wanaoanza wengi huangukia hapo.

Dieter Schlüter, Mjerumani aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kufanikiwa kuiongoza helikopta ya rimoti mwanzoni mwa miaka ya 1970, hakuwa na msaada wa kompyuta. Leo ndani ya helikopta ya gramu chache kuna kifaa kinachoitwa jairo, kinachohisi kuyumba na kurekebisha mara nyingi kwa sekunde kabla macho yako hayajaona. Jairo ndiyo iliyoufanya mchezo huu uwezekane kwa mtoto wa Kisauni au Likoni. Helikopta ya kwanza isiyo na jairo usiinunue.

Aina nne utakazokutana nazo

Aina ya kwanza ni ya chaneli tatu. Hizi ndizo zinazojaa madukani. Zina mapanga ya juu safu mbili, na mkiani kuna panga dogo lililolala likitazama juu, kama feni. Hapo ndipo pa kuitambulia. Panga la mkia likitazama juu, kazi yake ni kuinua na kushusha mkia ili helikopta iende mbele au nyuma. Kwenda kando haiwezi kabisa. Nyingi huongozwa kwa miale isiyoonekana, ile ile ya rimoti ya televisheni, na jua la kwetu huimeza miale hiyo. Ukiitoa nje saa nne asubuhi inaweza kukukataa papo hapo. Kwa mtoto mdogo ni kitu cha kuchezea sebuleni, haina neno. Lakini aliye na hamu ya kujifunza itamchosha kwa wiki moja, kwa kuwa anayoyajua mwisho wa wiki ndiyo aliyoyajua siku ya kwanza.

Aina ya pili pia ina safu mbili za mapanga zinazozunguka kinyume, moja ikifuta mvuto wa nyingine, lakini ina chaneli nne kamili. Blade mCX ilipata sifa katika kundi hili. Imetulia sana. Ukiachia vijiti, karibu isimame yenyewe hewani. Upungufu wake ni upepo: pumzi ndogo tu inaichukua. Ni nzuri kwa mtu mwenye chumba kikubwa na moyo wa woga.

Aina ya tatu ina safu moja ya mapanga juu na panga la mkia lililosimama wima, chaneli nne, na mapanga ambayo pembe yake haibadiliki. Kupanda na kushuka kunatokana na kuzungusha kwa kasi zaidi au kidogo. Umbo lake ni la helikopta ya kweli na mazoea utakayojenga ni ya kweli. WLtoys V911 ni ya kundi hili, pia Eachine E129 na Blade 120 S. Nyingine, kama hiyo E129, zina kifaa cha kupima kimo kinachoishikilia helikopta isipande wala kushuka mpaka umeiamuru.

Aina ya nne ni ya chaneli sita. Hapa mapanga yanazunguka kwa kasi kubwa muda wote, na kinachobadilika ni pembe ya mapanga yenyewe. Ndizo zinazolala chali kwenye video anazoziona kijana wako. Ndogo yake ni kama XK K110, kubwa zaidi ni kama Blade 230 S au OMPHobby M2. Ni mashine za kupendeza, lakini kosa la nusu sekunde linamaliza kila kitu, na vipuri vyake ni vingi na vidogo.

Anayeanza, mwenye miaka 14 na zaidi, nampa aina ya tatu. Ikiwa ana woga sana au ni mdogo kidogo, aina ya pili. Aina ya nne aisubiri mpaka aweze kuisimamisha ile ya tatu hewani kwa betri nzima, pua ikiwa imeelekea pande zote nne. Mwanzo wa ngoma ni lele.

Kwa nini ndogo, si kubwa

Wazazi wengi hufikiri kubwa ni imara zaidi. Kwa helikopta ni kinyume. Ile ya gramu 40 au 50 ikianguka kwenye zulia, mara nyingi unaiokota ukaendelea. Uzito wake hautoshi kuivunja. Ile ya kilo moja ikianguka, inajivunja kwa nguvu zake yenyewe: mapanga, mhimili, meno ya gia, mkia, vyote kwa mkupuo.

Na kuna la kuogopesha zaidi. Mwaka 2013 mjini New York, kijana wa miaka 19 aliyekuwa na uzoefu alifariki baada ya kupigwa na mapanga ya helikopta yake kubwa ya rimoti. Piga hesabu mwenyewe uone. Mapanga yenye upana wa mita moja na nusu kutoka ncha hadi ncha, yakizunguka mara 2,000 kwa dakika, ncha yake inapita kwa takriban kilomita 565 kwa saa. Hicho si kitu cha kurushwa uwanjani penye watoto wa madrasa wanaotoka darasani.

Ndogo nazo ziheshimiwe. Zinaweza kuumiza jicho. Miwani ya plastiki ya fundi ni bei ndogo; mnunulie na hiyo. Wenye nywele ndefu wazifunge, na buibui au kanga isiwe inaning'inia karibu na mapanga. Kuku, paka na watoto wachanga wawe chumba kingine.

Maswali ya kumuuliza muuzaji

La kwanza: vipuri vipo? Usikubali jibu la "vitakuja". Muulize akuonyeshe mapanga ya juu, panga la mkia pamoja na mota yake, mhimili mkuu, gia, na betri. Ikiwa unaagiza mtandaoni, tafuta vipuri kwanza, kisha ndiyo uitafute helikopta. Helikopta isiyo na vipuri sokoni, hata ikiuzwa nusu bei, ni ghali. Rahisi ghali, wahenga walishasema.

La pili: ndani ya sanduku mna nini? Kwenye sanduku kuna herufi. RTF maana yake kila kitu kimo, pamoja na rimoti. BNF maana yake rimoti haimo, na unatakiwa uwe nayo ya aina inayokubaliana nayo. Watu hununua BNF kwa kuona bei ni nafuu, wakifika nyumbani hawana cha kuirushia. Anayeanza anunue RTF.

La tatu: rimoti ni ya redio ya gigahezi 2.4? Iwe hiyo. Haisumbuliwi na jua, na watu wawili wanaweza kurusha pamoja bila rimoti kuingiliana.

La nne: kijiti cha kupandisha kiko mkono gani? Nyingi zinazouzwa huwa na kupandisha na kugeuza pua mkono wa kushoto. Huitwa Mode 2. Chukua hiyo, kwa sababu atakayekufundisha huenda naye ameizoea hiyo, na vidole vikishazoea upande mmoja ni taabu kuvihamisha.

La tano: mota ni ya aina gani? Mota ndogo za brashi ni rahisi kununua lakini huchoka, kwa hivyo zihesabu kama vipuri vya kubadilishwa, sawa na tairi za pikipiki. Mota zisizo na brashi hudumu zaidi na bei yake ni zaidi. Kwa helikopta ya kwanza, ya brashi inatosha bora mota nyingine zipatikane.

Na kuhusu pesa, ninawashauri hivi. Gawanya bajeti mafungu matatu. Mafungu mawili yawe ya helikopta, fungu la tatu liwe la vipuri na betri. Ikiwa fungu la tatu halipo, shuka kwenye helikopta ya bei ya chini. Anayetumia shilingi yake ya mwisho kununua helikopta amenunua mruko mmoja. Ukiagiza kutoka nje, kumbuka ushuru na kodi ya VAT ya asilimia 16 ukifanya hesabu, usije ukashtuka siku ya kuchukua mzigo.

Betri: hapa pana moto

Helikopta hizi zinatumia betri za lithiamu-polima, wenyewe huziita lipo. Ni nyepesi na zina nguvu, lakini zikitendewa vibaya huwaka, na moto wake ni mkali. Mzazi yeyote anayemnunulia mtoto helikopta ajue haya kabla ya kulipa.

Seli moja ya lipo huandikwa volti 3.7. Ikijaa inafika 4.2, na hapo ndipo mwisho. Ikishushwa chini ya volti 3 inaharibika. Kwa hiyo helikopta ikianza kulegea au taa yake kumetameta, ishushe. Tamaa ya dakika moja ya mwisho ndiyo inayoua betri nyingi. Kwa kawaida betri moja ya helikopta ndogo inakupa kati ya dakika tano na nane.

Tumia chaja iliyokuja nayo au ya lipo, si chaja yoyote ya kuungaunga. Betri ya mAh 300 ikichajiwa kwa mkondo wa miliampia 300 inachukua kama saa moja. Iache ipoe kwanza baada ya kurusha. Ichajie juu ya marumaru au ndani ya chungu cha udongo, mbali na mkeka, godoro na pazia, na awepo mtu mzima macho. Usichaji usiku ukalala. Umeme wetu unajulikana, unakwenda na kurudi kwa kishindo, ukikatika, chomoa.

Betri iliyovimba kama andazi haina tiba. Usiitoboe, usiibonyeze, usiichaji tena. Ziwe mbali na jua na mbali na gari lililofungwa, kwa kuwa joto la gari lililoegeshwa Mombasa adhuhuri linajulikana. Ukijua hutarusha kwa wiki nzima, ziache na chaji nusu, kiasi cha volti 3.8, zisikae zimejaa wala tupu.

Na kwa walio na ndugu Ghuba, jambo hili huwasumbua wengi. Tangu Aprili 2016 betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake, bila kifaa chake, haziruhusiwi kama mizigo ya kibiashara kwenye ndege za abiria. Ndiyo sababu maduka mengi ya nje hukataa kutuma betri tupu. Njia rahisi ni kuagiza helikopta inayouzwa na betri tatu au nne ndani ya sanduku moja. Mjomba akija mwenyewe, betri za ziada aziweke kwenye mkoba wa mkononi, ncha zake zimezibwa kwa gundi ya karatasi, asizitie kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege.

Wapi na lini

Sisi watu wa pwani tunaujua upepo. Kusi ikishika, kuanzia kama Aprili mpaka Septemba, helikopta ya gramu 50 ni jani la mkanju. Kaskazi, kuanzia Desemba mpaka Machi, ni pole zaidi lakini adhuhuri husukuma vile vile. Wakati wa maleleji, pepo zinapobadilishana, ndiyo siku zenye utulivu. Hata hivyo kila msimu una saa yake nzuri: baada ya swala ya Alfajiri, kabla jua halijapasha nchi kavu joto na upepo wa bahari haujaamka. Kanuni ni hii: majani ya mnazi yakicheza, rudi ndani.

Wiki za kwanza ziwe ndani. Sebule iliyoondolewa meza, au bora zaidi ukumbi wa shule baada ya masomo, kwa ruhusa. Zulia ni rafiki, saruji ni adui. Vichochoro vya Mji wa Kale havifai: nyaya, roshani, na watoto wanaochipuka kila kona. Ufuoni pia nawakataza wanaoanza. Mchanga unaingia kwenye mota na gia, chumvi inakula nyaya, na maji yako karibu mno.

Kuna na sheria. Kenya ina kanuni za mwaka 2020 za vyombo vya angani visivyo na rubani, zinazosimamiwa na mamlaka ya usafiri wa ndege, KCAA. Kabla hujaagiza kitu kikubwa au chochote chenye kamera, waulize wao kwanza upate jibu lao. Na hata kama unarusha kile kidogo kabisa, usikirushe nje karibu na uwanja wa ndege wa Moi, wala Malindi, wala Manda, wala karibu na bandari na kambi za wanamaji. Mchezo wa mtoto usimfikishe baba kituoni kujieleza.

Wiki nne za mwanzo

Kabla ya kuigusa helikopta, ikiwa nyumbani kuna kompyuta, anza na programu ya mazoezi. RealFlight na HELI-X zinajulikana. Saa kumi za kompyuta hazivunji panga hata moja, na lile tatizo la kioo nililolitaja hutibika humo.

Wiki ya kwanza, mkia ukutazame wewe. Funga chini ya helikopta vijiti viwili vyepesi vilivyopishana kama msalaba, na kila ncha mpira wa tenisi ya meza. Vitaizuia isipinduke ikitua vibaya. Inua kidogo, shusha. Lakini usibaki sentimita tano kutoka sakafuni ukidhani ni salama. Chini kabisa, hewa inayosukumwa na mapanga inagonga sakafu na kurudi, helikopta inayumba kama ngalawa kwenye mawimbi ya feri. Ipandishe kwa utulivu hadi kimo cha meza, huko inatulia.

Wiki ya pili, isimamishe hewani mahali pamoja, juu ya kipande cha karatasi, kwa hesabu ya kumi, kisha ishirini, kisha dakika nzima. Sogeza vijiti kidogo kidogo. Anayeanza huvuta kijiti mpaka mwisho, kisha huvuta upande wa pili mpaka mwisho, na helikopta inafanya vile vile alivyoiambia.

Wiki ya tatu, geuza pua kidogo kulia, rudisha. Kidogo kushoto, rudisha. Ukichanganyikiwa, usijaribu kuwa shujaa. Shusha.

Wiki ya nne, pua ikutazame. Hapa utaangusha. Na hapa ndipo kijana anapotakiwa kupewa kidole cha fundi pamoja na kidole cha rubani. Panga likivunjika, alibadilishe yeye. Mhimili ukipinda, autoe yeye, auvingirishe juu ya kioo auone unavyoruka, atie mpya. Mzazi akae kando na taa. Akifika hapo kuna la kusisitiza: ukigonga kitu, kitu cha kwanza ni kushusha kijiti cha nguvu mpaka chini. Mapanga yaliyokwama huku mota inasukuma ndiyo yanayochoma mota.

Kuna watakaosema, kwa nini tabu yote hii, si mnunulie droni? Droni yenye mota nne inajishikilia yenyewe, na ina kazi zake nzuri. Anayetaka picha za arusi anunue droni. Lakini helikopta inamfundisha kijana mambo ambayo droni imeyaficha: mvuto wa mota, gia, pembe ya panga, mhimili ulionyooka na uliopinda, na subira ya kujaribu mara hamsini. Hayo ndiyo anayokutana nayo baadaye akishika jenereta, pampu ya maji, injini ya boti. Pwani yetu ina bandari, viwanja vya ndege, reli na meli, na kila siku tunalalamika kwamba kazi za ufundi wa juu hatuzipati. Mafundi hao huanza wadogo, mezani nyumbani, na bisibisi ndogo mkononi.

Kwa hivyo mzazi, ukienda dukani wiki hii, usiulize kwanza inaruka mbali kiasi gani wala ina taa ngapi. Tazama panga la mkia limesimama au limelala. Uliza jairo. Uliza mapanga ya akiba, uliza betri. Akikosa majibu, ondoka. Maduka ni mengi. Na ukishanunua, siku ikianguka mara ya kwanza, usimgombeze. Mwambie aokote vipande vyote, asipoteze hata skrubu moja, na mkae pamoja mezani.

Wallahu aalam. Tukutane wiki ijayo inshallah.